UZI: Bendiso ndogo inakata kombo? Kisome kipande kabla hujashika spana

Fundi_Mpakani (Busia)

Wakuu salama. Kila mara humu kuna mtu anaitukana bendiso yake ndogo, yaani msumeno wa mkanda wa kukatia chuma, zile za inchi 4 kwa 6, bledi ya nusu inchi, mkono unashuka wenyewe huku we unapanga kipande kingine, eti inakata kombo, eti ni mashine ya kutupa, bora arudi kwenye diski ya kukatia. Mi nasema nyingi ya hizi mashine hazina ugonjwa wowote, zimetoka dukani hazijasetiwa na mwenyewe kachomeka kwenye soketi kaanza kukata siku hiyohiyo. Uzi huu ni wa jambo hilo tu, kukata chuma kitoke skwea na urefu uleule kipande cha kwanza mpaka cha mwisho. Mwenye lake aongeze.

Kabla hujalegeza hata nati moja, kata kipande ukisome. Chukua skwea baa ya milimita 40 hivi, kata, halafu weka guni, kile kipimo cha pembe ya nyuzi 90, mara mbili. Mara ya kwanza kwenye ubavu uliokuwa unagusa taya ya jiliwa (kibanio cha mashine), ile taya isiyosogea. Mwanga ukipita hapo basi taya haijasimama nyuzi 90 na bledi. Mara ya pili kwenye ubavu uliokuwa umelalia kitanda cha mashine, mwanga ukipita hapo jiliwa haina kosa, ni bledi haiko wima ikishuka.

Alafu angalia uso wa mkato wenyewe. Umenyooka ila umeinama, au una tumbo? Hapa ndipo watu wanachanganya mambo. Mkato ulionyooka ukainama ni seti ya mashine. Mkato wenye tumbo, unaanza vizuri halafu katikati unakimbia, hiyo ni bledi, imelegea, au imechoka upande mmoja, au unaikandamiza. Ukianza kuzungusha vishikio vya bledi kwa sababu ya tumbo unavuruga seti iliyokuwa nzima, na tumbo litabaki palepale.

Kama huamini guni yako, kuna njia haihitaji guni kabisa. Kata baa katikati, laza vipande viwili kwenye bamba bapa, viegemeze kwenye kitu kilichonyooka, nyuso zilizokatwa zikutane. Zitakutana vizuri tu maana ni mkato mmoja. Sasa kimoja kibiringishe juu kiwe chini na ukirudishe palepale. Upenyo utakaoona ni kosa lako mara mbili, weka fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia upenyo, gawa kwa mbili. Mi upenyo ukiwa chini ya robo milimita kwenye baa ya 40 naendelea na kazi, kwa geti na fremu ya mashine ya kupukuchua mahindi sihitaji zaidi ya hapo.


KatweMoto (Kampala)

Ssebo yote hayo ya nini, hapa Katwe diski ya inchi 14 dakika moja angalaini, chuma cha pembe, iko chini, mteja amesimama na boda inangoja. Bendiso ni ya watu wenye muda


Fundi_Mpakani

Katwe nakuelewa mkuu, kwa mteja aliyesimama mlangoni diski ina nafasi yake. Ila fanya hesabu hii. Flati, chuma bapa, ya mita 6, mteja anataka vipande 20 vya milimita 298. Vipande peke yake ni 5960, una milimita 40 tu za kuchezea. Mikato ni 20, pamoja na ule wa kutoa kabaki. Bledi ya bendiso inakula kama milimita 1 kila mkato, jumla 20, umetosha na kabaki kadogo. Diski inakula karibu 3, jumla 60, umepita flati nzima, kipande cha 20 hupati, unanunua flati nyingine kwa ajili ya kipande kimoja. Na hapo sijaongelea kwamba diski nyembamba ikipata moto inapinda, na ncha inaachwa na ukucha na weusi ambao lazima kijana akae na grenda aondoe. Huo muda mnausahau kuuhesabu.

Na bendiso haikai na mtu. We unachomelea, yenyewe inakata na kujizima.


KatweMoto

Hesabu nimeiona. Haya sema inasetiwaje, ya jirani yangu imekaa chini ya meza imejaa vumbi naweza kuinunua


Fundi_Mpakani

Chomoa kwanza kwenye umeme, kazi yote hii bledi unaizungusha kwa mkono.

Anza na bledi kukaa kwenye magurudumu. Mgongo wa bledi ukae karibu na ukingo wa gurudumu bila kuusugua. Ukisikia inalia krrr mfululizo na ukaona ukingo unang'aa, inasugua, na bledi ya hivyo itapasuka mgongoni mapema. Kaza mkazo wa kutosha, na hapa wengi wanaogopa. Kile kitasa cha kukazia ukikigeuza kwa vidole viwili umelegeza. Bledi iliyolegea ndiyo mama wa matumbo yote. Ukimaliza kazi jioni legeza kidogo isilale imevutwa.

Sasa vishikio. Kila upande wa mkato kuna beringi mbili zinaibana bledi na moja iko mgongoni. Moja kati ya zile mbili imekaa kwenye bolti isiyo na kitovu katikati, ukiigeuza kwa spana beringi inasogea mbele na nyuma. Isogeze mpaka beringi zote mbili ziguse bledi na zizunguke nayo, lakini ukiweka kidole kwenye beringi uweze kuizuia. Ikigoma kuzuilika umebana sana, isipozunguka kabisa kuna upenyo. Ya mgongoni iache nafasi ya karatasi tu, itagusa yenyewe bledi ikianza kula chuma.

Baada ya hapo ndio uweke guni kitandani, shusha mkono mpaka katikati ya safari yake, egemeza guni kwenye mwili wa bledi. Mwili, sio meno! Meno yamepanuliwa kulia na kushoto, guni ikikaa juu ya jino utaseti uongo. Kama bledi imeinama legeza bolti ya kishikio, kizungushe kidogo sana, kaza, pima tena kwenye vishikio vyote viwili. Kimoja kikiwa wima na kingine kimeinama bledi inakuwa imesokotwa, na itakata huku inatafuta njia yake.

Mwisho kabisa ndio jiliwa. Guni moja ubavu kwenye taya isiyosogea, mwingine kwenye bledi, kaza taya. Ule mshale na namba za nyuzi zilizochorwa pale usiziamini, zimechorwa kwa haraka. Ukishapata 90 ya kweli chora alama yako mwenyewe kwa msumari. Wengine wanatoboa wanatia pini ili kila wakitoka kwenye 45 wanarudi palepale bila kupima, hiyo ni akili nzuri sana.

Na sogeza mkono wa kishikio karibu na chuma. Unakuta mtu anakata flati ya 50 huku vishikio vimeachana kama anataka kukata nguzo, bledi ya katikati inayumba, atalaumu mashine.


Mama_Mageti (Mbale)

Asante kaka kwa uzi. Mimi shida yangu ni skwea tyubu, zile za ukuta wa milimita moja na nusu. Meno yanang'oka. Bledi mpya naweka asubuhi jioni ina mapengo. Seti nimefanya kama ulivyosema na kipande kinatoka skwea kabisa, ni meno tu. Bledi ni ya meno 14


Lesi_Jinja

Dada ngoja nijibu hapa, ni kazi yangu kila siku. Kanuni ni meno matatu yawe ndani ya chuma wakati wowote. Meno 14 kwa inchi, kwenye ukuta wa milimita 1.5 una hata jino moja halijakaa vizuri, ukuta unaingia katikati ya meno mawili halafu mashine inavuta, jino linaondoka. Hata bledi ya meno 24, ambayo ndiyo ya meno madogo kabisa utakayopata kwa kawaida, kwenye 1.5 haifiki mawili. Kwa hiyo tyubu hiyo inavunja kanuni upende usipende, unachoweza ni kupunguza madhara. Weka ya 24, mkono uelee, yaani kaza ile springi ya kuushikilia mpaka uzito unaobaki juu ya chuma ni kidogo sana, na hasa pale bledi inapoanza na inapotoka. Katikati, ikishavuka ukuta wa juu, inabaki na kuta mbili za ubavuni tu, hapo ndipo ikiachiwa uzito inadondoka na kung'oa.

Angalaini nayo kuna siri. 40 kwa 40 ya milimita 4 ukiiweka mguu mmoja umelala na mwingine umesimama, bledi inapita mguu uliosimama ikiwa na milimita 4 tu, halafu ghafla inakutana na 40 nzima. Igeuze ikae kama paa la nyumba, miguu yote miwili chini kitandani. Sasa bledi inapita kila mguu kwa mshazari, 4 inakuwa karibu 5.7, kwa bledi ya meno 14 umeshafika matatu, na mzigo ni sawa kuanzia juu mpaka chini.


Mama_Mageti

Kama paa! Naona vijana wangu wote wanaisimamisha. Webale nnyo


Lesi_Jinja

Na upande wa pili wa kanuni msiusahau. Shafti ya milimita 50 kwa bledi ya 14, pale katikati una meno 27 ndani ya chuma kwa wakati mmoja. Chenga za chuma kilichokatwa hazina pa kwenda, zinajaa kati ya meno, bledi inateleza juu badala ya kukata, mtu anaona inachelewa anaongeza uzito, ndio tumbo hilo. Mimi kwa shafti natumia ya 6 mpaka 10. Bledi moja ya kila kitu haipo, mwenye karakana awe na mbili au tatu ukutani. Kama fedha ni ya moja tu chukua ile ya meno mchanganyiko, 10 kwa 14, meno hayalingani nafasi kwa hiyo haitetemi sana.

Chenga ndizo zitakwambia kama uzito uko sawa. Zikiwa zimejikunja na rangi yake ni ya chuma, uko vizuri. Zikiwa unga unga, uzito ni mdogo, meno yanasugua tu, na kwenye chuma kisichoshika kutu kusugua hivyo kunakikaza kile chuma, dakika chache baadaye hakuna bledi itakayoingia. Zikiwa za bluu zimeungua, aidha spidi ni kubwa au unakandamiza. Spidi ya juu kwenye hizi mashine, kama mita 60 kwa dakika, ni ya chuma laini cha kawaida kwa bledi ya bimeto, ile ya vyuma viwili, meno ya chuma kigumu na mgongo unaopinda. Chuma kisichoshika kutu na vyuma vigumu rudisha mkanda kwenye spidi ya chini kabisa, 25 hivi. Kubadilisha mkanda ni uvivu tu ndio unatuzuia.

Halafu bledi mpya usiitupe kazini kwa uzito wote. Mikato ya kwanza punguza uzito kama nusu, meno mapya yana ncha kali mno zinavunjika vipande vidogo usivyoviona, na bledi iliyoanza hivyo itaanza kuvuta upande mmoja kabla ya wakati wake.


KaseseSpana

Wazee mimi nanunua chuma chakavu, nondo na springi za lori, natengeneza majembe na mapanga. Springi imemaliza bledi mkato mmoja


Fundi_Mpakani

Ndugu springi ya gari ni chuma kilichokazwa kwa moto, usiilete kwenye bendiso kabisa. Aidha uipashe mpaka iwe nyekundu uiache ipoe polepole kwenye majivu usiku kucha, ndio ukate, au uikate kwa diski. Hapa diski inashinda bila ubishi, Katwe afurahi.

Nondo za siku hizi nazo zinapozwa kwa maji kiwandani zikiwa bado moto, kwa hiyo ngozi ya nje ni ngumu kuliko moyo. Zinakatika ila bledi inachoka mapema kuliko kwenye shafti laini ya unene uleule. Nondo za kawaida za ujenzi mi nazipeleka kwenye mkasi wa nondo, bendiso naiachia kazi inayotaka usahihi. Na chuma chakavu chochote kipitishe faili kwanza, faili ikiteleza kama kwenye kioo kirudishe.


KaseseSpana

Sawa mzee. Na bledi iliyokatika naweza kuichomelea?


Lesi_Jinja

Kwa ile mashine ya kuchomelea geti hapana, itaungua na kukatika pembeni ya ulipochomelea. Kinachoshika ni silva soda, risasi ya kuungia yenye fedha. Ncha mbili unazisaga mshazari ili zilaliane, unazifunga kwenye kipande cha angalaini zikiwa zimenyooka mgongo kwa mgongo, unapasha na gesi mpaka soda itiririke, unaacha ipoe taratibu, halafu unasaga unene ulingane na bledi. Usiponyoosha mgongo pale, kila mzunguko bledi itapiga beringi ya nyuma tak tak tak na mkato utatoka na mistari. Na ihesabu, bledi inafupika kidogo kila ukiunga, kitasa cha kukazia kina mwisho wake.


AruaMjini

Mimi langu ni tofauti. Mjomba alirudi kyeyo, kibarua cha ng'ambo, Marekani na bendiso, ya inchi 4 kwa 6 kama hizo zenu, mota ya volti 110. Nimeweka transfoma inazunguka. Ila inakata pole kuliko ilivyoandikwa, na mota inachemka mkono haukai. Voltiji ya kwetu jioni nayo inashuka. Ni transfoma ndogo?


Fundi_Mpakani

Inawezekana ni ndogo ila hata ukiweka kubwa shida moja itabaki. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kule ni 60, kwetu 50. Mota ya aina hiyo mwendo wake unafuata hezi, kwa hiyo inapoteza moja ya sita. Kama kibandiko kinasema futi 200 kwa dakika, we unapata kama 166. Na mota ya 60 ikipewa volti zilezile kwa hezi 50 inavuta umeme mwingi zaidi, ndio huko kuchemka. Jioni volti zikishuka na mzigo uko palepale inavuta zaidi tena. Waya mrefu mwembamba wa kuunganishia nao unakula volti, ukiushika ukaukuta wa moto ujue.

Toa hiyo mota. Tafuta mota ya nusu hosipawa ya volti 240 hezi 50, zipo nyingi tu kwenye mashine zilizokufa. Itazunguka kama 1425, wakati ya mjomba kwao ilikuwa 1725. Ukitaka spidi irudi badilisha puli ya mota, ongeza kipenyo kwa moja ya tano, ya 50 iwe 60. Ila mi kwa chuma cha kawaida ningeiacha hivyo, pole kidogo bledi inaishi zaidi.


AruaMjini

Mota naipata. Transfoma nitauza


KatweMoto

Nimerudi. Nimeichukua ile ya jirani, nimeosha kwa dizeli, nimeseti. Skwea iko sawa, tumbo hakuna. Lakini vipande kumi vya 150 havilingani, kimoja 150 kingine 151 na kidogo. Napima kila kimoja na tepu


Lesi_Jinja

Acha tepu, weka kizuizi. Kile kifimbo kilichokuja na mashine, kama kimepotea chomelea bamba kwenye kipande cha nondo. Kata cha kwanza, pima kwa venia, rekebisha kizuizi, kisha vingine vyote vinagusa tu hapo. Lakini ukishagusa na kukaza jiliwa, kirudishe kizuizi nyuma kidogo kabla hujashusha mkono. Ukikiacha kimegusa, kipande kikikatika kinanasa kati ya bledi na kizuizi, kinageuka, kinaondoka na meno.

Kagua pia ncha ya nje ya baa. Flati ya mita 6 iliyobanwa kwenye jiliwa ndogo, ncha ikining'inia inainua upande wa ndani kutoka kitandani. Stendi yenye rola ilingane kabisa na kitanda, weka pima maji juu ya baa. Ukiwa na stendi ya juu sana au chini sana kila mkato unatoka umeinama na ukipima bledi unakuta iko wima, utazunguka siku nzima.


KatweMoto

Stendi sina, nilikuwa nimeweka ndoo na kipande cha mbao 😂 nachomelea sasa hivi. Na vile vipande vifupi vya mwisho, jiliwa inashika upande mmoja tu inaachia


Fundi_Mpakani

Taya inayosogea inapinda kwa sababu imeshika ncha moja. Weka kipande kingine cha unene uleule kwenye ncha ya pili ya taya, ibane vyote viwili, itasimama sawa. Mi vile vibaki nimevipanga kwenye kopo kwa unene, 20, 25, 30, 40, 50, kila nikikata kifupi nachomoa pacha wake. Na usikishike kifupi kwa mkono, hata kwa glavu. Glavu ikishikwa na bledi inavuta na vidole. Miwani vaa, glavu subiri wakati wa kukunja bledi.


Mama_Mageti

Bledi ya 24 nimepata mjini lakini muuzaji anauliza urefu, mashine yangu haina kibandiko


Fundi_Mpakani

Nyingi za saizi hii ni inchi 64 na nusu, milimita 1638. Ila usinunue kwa maneno yangu dada, chukua ile ya zamani yenye mapengo, ikate, inyooshe chini, upime. Kitasa cha kukazia kikiwa katikati ya safari yake ndio urefu sahihi, kama kilikuwa mwisho kabisa huenda uliyonayo iliwahi kuungwa na ni fupi. Upana nusu inchi, unene milimita 0.64, mwambie bimeto. Ile ya kaboni tupu ni rahisi dukani, lakini kwa tyubu unazokata wewe utakuwa umerudi kwake kabla hata hajasahau sura yako.